Gonga Ukuta Usikie: John Gaw Meem na Udongo wa Santa Fe

Santa Fe ni mji mkuu wa jimbo la New Mexico, kusini-magharibi mwa Marekani, na ni mji wa rangi moja. Hoteli ni rangi ya udongo, benki ni rangi ya udongo, hata jengo la ghorofa la kuegesha magari limepakwa udongoudongo. Pembe za kuta zimeviringwa kama zilizopitishiwa kiganja kabla hazijakauka. Juu, karibu na paa, vichwa vya magogo vinachungulia nje. Mgeni anapiga picha na kusema hapa watu wamehifadhi yao. Sasa mwambie asogee, akunje kidole, agonge ukuta. Akigonga nyumba mbili tatu za mwisho wa karne iliyopita, ukuta utamjibu kwa mlio wa kopo tupu, maana nyuma ya ile lipu kuna wavu wa waya, mbao za msonobari na matandiko ya kuzuia baridi. Udongo haumo.

Mtu anayetajwa kuliko wote mji huu unapozungumzwa ni msanifu majengo John Gaw Meem, aliyefariki mwaka 1983 akiwa na miaka 88. Wanaompenda wanasema aliuokoa mji usiwe kama miji mingine yote ya Marekani. Wasiompenda wanasema aliugeuza jukwaa la maigizo. Kwangu mimi lawama hiyo ya maigizo imegonga mlango usio wake. Meem aliijua kazi ya udongo, na hata alipotumia saruji alijua kwa nini anaitumia. Kosa lake, na naliita kosa kwa heshima zote, lilikuja uzeeni, alipoacha penseli ya kuchorea akashika kalamu ya sheria.

Nianze na maisha yake, kwa sababu yana mizunguko ambayo mtunzi wa hadithi angeogopa kuitunga. Meem alizaliwa Pelotas, kusini mwa Brazili, mwaka 1894, mtoto wa wamisionari wa Kimarekani wa Kanisa la Episkopo. Alikua akisema Kireno na Kiingereza. Akapelekwa Marekani, Chuo cha Kijeshi cha Virginia, akamaliza mwaka 1914 akiwa mhandisi wa ujenzi. Usanifu hakuusomea. Alifanya kazi New York kwenye njia za treni za chini ya ardhi, akaingia jeshini wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia, kisha benki moja ikamrudisha Brazili kwa sababu ya Kireno chake. Huko ndiko kifua kikuu kilikomshika.

Wakati huo dawa ya kifua kikuu haikuwepo. Ilikuwa bado zaidi ya miaka ishirini kabla ya streptomaisini. Mwenye uwezo alipelekwa penye hewa kavu na jua akalazwa, akasubiri mwili wake uamue wenyewe. Mwaka 1920 Meem akafikishwa Sunmount, hospitali ya wagonjwa wa kifua nje kidogo ya Santa Fe, kwenye mwinuko wa zaidi ya mita 2,100. Wagonjwa walilala barazani hata baridi ilipokuwa kali. Bahati ni kwamba Sunmount yenyewe ilikuwa imejengwa kwa mtindo wa kienyeji, kuta nene na magogo darini, na daktari wake mkuu, Frank Mera, alikuwa mtu wa kupenda mambo ya kale. Humo Meem akakutana na Carlos Vierra, mchoraji aliyekuwa akizunguka vijijini kupiga picha makanisa ya udongo yaliyokuwa yakibomoka. Kijana wa miaka ishirini na mitano, mhandisi, hana kazi ya kufanya mchana kutwa isipokuwa kutazama ukuta. Akautazama kwelikweli. Alipopata nafuu alikwenda Denver kujifunza usanifu kwa kufanya kazi ofisini mchana na kuchora usiku, na mwaka 1924 akafungua ofisi yake Santa Fe.

Mtindo wenyewe hakuuvumbua yeye. Hili linasahaulika. Reli kuu ilikuwa imeupita mji kando tangu mwaka 1880, biashara ikadorora, na New Mexico ilipokuwa jimbo kamili mwaka 1912 wakubwa wa Santa Fe walikuwa wakijiuliza wauze nini. Wakaona kitu pekee wasichokuwa nacho wenzao ni ukale. Mpango wa mji wa mwaka huo ukahimiza majengo mapya yafuate sura ya zamani. Kabla ya hapo, huko Albuquerque, rais wa Chuo Kikuu cha New Mexico, William Tight, alikuwa ameligeuza jengo kuu la chuo likafanana na nyumba za Wapueblo, wenyeji wa asili wa huko, watu wakamcheka, na mwaka 1909 akaondolewa kazini. Mwaka 1917 likafunguliwa jumba la makumbusho ya sanaa Santa Fe, kazi ya ofisi ya Isaac Rapp, likiwa limekusanya sura za makanisa kadhaa ya vijijini katika jengo moja, mnara wa huku na roshani ya kule. Kwa hiyo Meem alipofika aliikuta ngoma inapigwa. Tofauti ni kwamba wenzake waliitazama sura, na yeye, kwa ule uhandisi wake, akauliza kilichoisababisha.

Hapa Mswahili ana bahati, kwa sababu karibu kila kiungo cha nyumba hizo tuna jina lake. Mtu aliyeingia kwenye tembe la Kigogo kule Dodoma hahitaji picha. Tofali ni bichi, udongo uliochanganywa na majani makavu ukafyatuliwa kwenye kibao na kuanikwa juani. Magogo yanayobeba paa ni boriti, na juu yake hupangwa fito, kisha udongo hushindiliwa. Paa ni bapa, maji ya mvua yanatoka kwa milizamu ya mbao inayochomoza nje ili yasiuguse ukuta. Kando ya ukuta wa ndani, karibu na moto, kuna kibaraza cha udongo cha kukalia. Hata neno lao la tofali bichi, adobe, Wahispania walilitoa kwa Waarabu, na Mmisri mpaka leo huita tofali *tub*.

Na kila sura ina chanzo chake. Boriti zinachungulia nje kwa sababu wajenzi wa kale walibeba magogo kutoka milimani kwa taabu na hawakuwa na haja ya kuyakata kipande kilichozidi. Pwani yetu nayo ina kisa kama hicho, kwa upande wa pili. Vyumba vya nyumba za mawe za Lamu na Unguja ni vyembamba kwa sababu boriti ya mkoko haifiki mbali, basi upana wa chumba ukafuata urefu wa mti. Ukuta wa tofali bichi ni mpana chini na mwembamba juu kwa sababu ya uzito. Pembe zimeviringwa kwa sababu mvua huanza kula pembe. Ukiyaelewa haya unaweza kuibadili sura bila kuiharibu. Usipoyaelewa, utabandika vichwa vya magogo kwenye ukuta wa zege kama vifungo vya koti.

Shule ya Meem ilikuwa Acoma. Acoma ni kijiji cha Wapueblo kilicho juu ya mwamba wenye kimo cha zaidi ya mita mia moja, na juu ya mwamba huo kuna kanisa la San Esteban del Rey, lililojengwa katika karne ya 17 chini ya mapadri Wahispania. Naomba msomaji asiharakishe hapa. Juu ya mwamba hakuna udongo wala miti. Kila kikapu cha udongo kilipandishwa kwa mgongo wa mtu. Boriti za paa zilikatwa kwenye mlima Taylor, safari ya makumi ya kilomita, zikabebwa na wanaume wa Acoma, na masimulizi yao yanasema hazikuruhusiwa kugusa ardhi njiani. Mfano huo wa imani watalii huupenda. Wenyeji husimulia pia kwamba ilikuwa kazi ya kulazimishwa.

Katika miaka ya 1920 kamati ya watu wa Santa Fe na Denver ilianza kuchangisha fedha za kuyaokoa makanisa ya udongo, na Meem akapewa kazi ya ufundi. Wasanifu wengi wangeanza na minara, kwa kuwa minara ndiyo inayoonekana kwenye picha. Meem na wenzake walianza na paa, mwaka 1924, kwa sababu nyumba ya udongo hufa kutokea juu. Paa likivuja, maji huingia katikati ya ukuta, na siku moja ukuta ulioonekana mzima hulala chini kama mlevi. Minara ikangoja. Vifaa vilipandishwa mwambani na Waakoma wenyewe, kwa punda na kwa migongo, wanawake wakibeba maji. Walikuwa na masharti yao na malipo yao, na mara kadhaa kazi ilisimama mpaka wazee wakubali. Miaka kumi baadaye, wakati wa mdororo mkubwa wa uchumi, serikali ya Marekani ilipowaajiri wasanifu wasio na kazi ili wapime na kuchora majengo ya kale, Meem aliongoza kazi hiyo katika eneo lake, na Acoma ikachorwa nyumba kwa nyumba. Michoro ile ipo mpaka leo katika Maktaba ya Bunge, na kwangu ina thamani kuliko hoteli zake zote. Mtu aliyepima mamia ya milango isiyolingana hawezi tena kudhani kuwa udongo ni mapambo.

Nimetaja hoteli. La Fonda, pembeni mwa uwanja wa Plaza, aliipanua mwishoni mwa miaka ya 1920, na vyumba vya ndani vikapambwa na Mary Colter, mwanamke aliyekwisha jenga majengo ya watalii ukingoni mwa Grand Canyon na ambaye peke yake anastahili makala. Mwaka 1930 Meem alishinda shindano la kusanifu maabara ya anthropolojia iliyogharimiwa na John D. Rockefeller Mdogo. Mwaka 1933 alimwoa Faith Bemis, naye msomi wa usanifu aliyekuwa amekuja kufanya kazi ofisini kwake. Mwaka huohuo akawa msanifu wa Chuo Kikuu cha New Mexico, kazi aliyoishika mpaka mwaka 1959, na ule mtindo uliomfukuzisha Tight ukawa sare ya chuo.

Maktaba ya chuo hicho, inayoitwa sasa Zimmerman, ilizinduliwa mwaka 1938, na ndiyo jengo la kumpima Meem. Wakosoaji wanaikimbilia kwa kuwa ni rahisi: hili si udongo, ni zege na vigae vya tundu vilivyopigwa lipu. Ni kweli. Lakini maktaba ni mzigo. Vitabu vimepangwa ghorofa juu ya ghorofa katika mnara usiokuwa na madirisha makubwa, na hakuna tofali bichi litakalobeba hayo. Meem hakuficha mnara. Aliuweka nyuma kama Wapueblo wa Taos wanavyopandisha nyumba juu ya nyumba, ghorofa ya juu ikirudi nyuma ya ile ya chini, mpaka jengo likawa kama kilima. Ndani, kumbi za kusomea zina boriti halisi zilizochongwa kwa mkono, taa za bati na samani zilizotengenezwa na mafundi wa New Mexico waliopata ajira kwa mipango ya serikali ya wakati wa mdororo. Ukuta mnene wa kusini unapoa taratibu, dirisha limezama ndani, jua kali la saa nane linaishia kwenye kizingiti. Hapo saruji imefanya kazi ya udongo bila kuusingizia.

Mwaka 1934 Meem mwenyewe alikuwa ameitetea njia hiyo katika makala ya jarida la wasanifu. Hoja yake kwa ufupi ni kwamba kuna maumbo ya kale yanayokubaliana na nchi yake, jua lake na upeo wake kiasi kwamba tatizo jipya likija, jibu linaweza kuwa tayari limo humo. Wakati huo Ulaya inapigania kuta nyeupe na vioo, hoja hiyo ilionekana ya kizee. Ila mtu huyohuyo mwaka 1936 alimaliza kituo cha sanaa cha Colorado Springs, jengo la zege tupu lenye sura ya kisasa kabisa. Hakushindwa usasa. Aliuchagua ulipofaa.

Na katika maktaba hiyohiyo kuna doa ambalo mtetezi wake hapaswi kulipita kwa kunyata. Ukutani kuna michoro mikubwa minne iliyochorwa na Kenneth Adams mara baada ya jengo kufunguliwa, kuonyesha jamii tatu za New Mexico: wenyeji wa asili, Wahispania na wazungu wa Kimarekani. Wenyeji wanafuma na kufinyanga, Wahispania wanajenga na kulima, mzungu ni daktari na mwanasayansi. Katika mchoro wa nne wote watatu wanashikana mikono, na mwenye macho ni mzungu peke yake. Wanafunzi wamelalamika kwa miongo mingi. Meem hakuchora, lakini macho yale yaliyokosekana yanasema jambo kuhusu mtindo mzima: mikono ya watu inatakiwa, kutazama kwao hakutakiwi.

Ndiyo maana nalipenda kanisa la Cristo Rey kuliko maktaba. Lilijengwa Santa Fe mwaka 1939 na 1940, wakati wa kumbukumbu ya miaka 400 ya msafara wa Mhispania Coronado, na kazi yake ya kwanza ilikuwa kuipatia nyumba madhabahu ya mawe yaliyochongwa ya karne ya 18, iliyokuwa imefichwa kwa miaka mingi nyuma ya ukuta katika kanisa kuu la mji. Safari hii Meem alitumia tofali bichi lenyewe. Udongo ulichimbwa papo hapo kwenye kiwanja, na waumini wa parokia wakafyatua tofali kati ya 150,000 na 200,000. Tofali moja la huko, kavu, lina uzito wa kilo zipatazo 15. Chukua idadi ya katikati: ni zaidi ya tani 2,600 za udongo zilizopita mikononi mwa watu waliokuwa na kazi nyingine za kufanya. Kuta ni nene kiasi kwamba mlangoni unapita kama kwenye njia ya pango, kisha mwanga mmoja kutoka juu, usioonekana unakotokea, unaiangukia madhabahu. Hila hiyo ya dirisha lililofichwa Meem aliiokota kwenye makanisa ya vijijini, kule alikokwenda kurekebisha mapaa.

Kuna jengo jingine nalitaja kwa sababu ya hatima yake tu. Mwaka 1928 alijenga nyumba kubwa ya magogo yaliyosimamishwa wima, bwalo la shule ya wavulana mlimani. Shule ile ilikuwa Los Alamos. Miaka kumi na tano baadaye serikali iliichukua, na waliokuwa wakila chini ya magogo ya Meem ni wanasayansi waliokuwa wakitengeneza bomu la atomiki.

Sasa nije kwenye sheria. Baada ya Vita vya Pili magari yaliongezeka, watu wakaongezeka, na wawekezaji wakaanza kupandisha Santa Fe majengo ya vioo na matofali ya kuchoma kama ya mji wowote. Meem alikuwa miongoni mwa walioandaa sheria ndogo ya eneo la kihistoria iliyopitishwa mwaka 1957. Ni andiko la kupendeza kwa ukali wake. Linasema kuta ziwe na rangi ya ardhi, kutoka ya kufifia hadi ya kukolea. Linasema milango na madirisha ya upande unaoonekana na umma visizidi kwa kawaida asilimia 40 ya uso wa ukuta, na kwamba dirisha lisikaribie pembe kwa chini ya futi tatu. Hesabu hizo za mhandisi zina maana: ukuta wa tofali bichi uliotobolewa karibu na pembe hupasuka. Meem alizitoa Acoma akazitia kwenye kifungu cha sheria.

Lakini sheria hiyohiyo ikaruhusu mwigo wa udongo. Ukuta si lazima uwe udongo, uwe tu kama udongo. Naelewa kwa nini. Tofali bichi hula kazi, na kazi ilikuwa inapanda bei. Ungemlazimisha kila mwenye kiwanja kujenga kwa udongo, maskini asingejenga. Ajabu ya dunia ni kwamba kilichotokea ni kinyume: leo nyumba ya udongo wa kweli Santa Fe ni anasa ya tajiri, na mtu wa kawaida hununua ya mbao na waya. Barabara ya Canyon, ambako familia za wakulima wa Kihispania zilimwagilia mashamba kwa mfereji mkuu, Acequia Madre, sasa ni maduka ya sanaa mlango kwa mlango. Kadiri mji ulivyozidi kupendeza, ndivyo bei na kodi zilivyozidi kupanda, na wajukuu wa mafundi wakahamia pembezoni, kwenye nyumba zisizofanana na udongo kwa lolote.

Mtu atasema: hayo ni ya soko, msanifu anaingiaje? Anaingia hivi. Ukuta wa udongo kazi yake haiishi siku ya kukabidhi funguo. Unaoga mvua, unachakaa, unakandikwa tena. Huko kaskazini mwa New Mexico kazi ya kukandika kwa desturi ni ya wanawake, na wana jina lao la ufundi, *enjarradoras*. Maana yake ukuta ule ni ahadi kati ya jengo na watu fulani walioko karibu, wenye muda na ujuzi. Sheria ya mwaka 1957 ina vipimo vya dirisha na kivuli cha rangi. Kuhusu watu hao haina hata mstari. Na Meem, kuliko mtu mwingine yeyote mezani pale, ndiye aliyejua, kwa sababu aliwaona Acoma wakipandisha maji.

Mimi somo hili nililipata mapema, kwa gharama isiyo yangu. Bibi yangu alikuwa na nyumba ya udongo yenye umri kuliko baba. Watoto wake walipopata fedha wakaona aibu, wakaleta fundi apige lipu ya saruji nje, ukuta ukawa mweupe na mgumu, kila mtu akafurahi. Masika ya kwanza hakuna kitu. Masika ya pili, ukigonga ukutani unasikia "bupu, bupu", kama mtu amekaa ndani anakujibu. Unyevu ulikuwa unapanda kutoka chini, zamani ulikuwa ukitokea nje kupitia udongo na kukauka, sasa umefungiwa. Siku moja bapa la lipu lenye ukubwa wa mlango likaanguka zima, na nyuma yake udongo ulikuwa laini kama ugali uliolala. Bibi alitazama akasema tu, "Mmemvalisha mgonjwa koti la mvua."

Kisa hichohicho, kwa kipimo kikubwa, kilitokea Ranchos de Taos, kilomita zaidi ya mia moja kaskazini mwa Santa Fe. Kanisa la San Francisco de Asís, ambalo mgongo wake wa udongo usio na dirisha umechorwa na kupigwa picha na wasanii wengi, mwaka 1967 lilipigwa lipu ngumu ya saruji. Parokia ilikuwa imechoka na kukandika kila mara, na wataalamu wa wakati ule waliona saruji ndiyo maendeleo. Kwa nje kanisa lilikuwa zuri. Ndani ya lipu maji yalikuwa yanakula tofali. Mwaka 1979 parokia ikaamua kuibandua yote na kurudi kwenye udongo. Meem alikuwa hai bado, ana miaka 84, amestaafu, na yeye na mkewe walikwisha toa ardhi ya vilimani ambapo chuo cha St. John's kilifungua tawi lake mwaka 1964. Jengo la Ranchos halikuwa lake. Ila katika ule uamuzi wa mwaka 1979 namwona Meem wa Acoma, yule aliyeanza na paa. Meem wa sheria ya 1957 simwoni. Kwa macho ya sheria ile, lipu ya saruji yenye rangi ya ardhi haikuwa na kosa lolote.

Sipendekezi sheria ile ifutwe. Bila hiyo Plaza leo ingekuwa na mnara wa vioo, na mimi nisingekuwa na la kuandika. Ninachodai ni kwamba mji unaotoza wageni kwa ajili ya sura ya udongo ungeweza kulipa mishahara ya wanaoujua udongo, kuwapunguzia kodi wenye nyumba wanaoukandika, na kumpa fundi wa kike kiti katika bodi ya mji inayojadili urefu wa mlizamu. Wenzetu wa Mji Mkongwe wanaobishana chokaa na saruji kwenye kuta za mawe ya matumbawe wanalijua vizuri tatizo hili, kwani saruji nayo huyaua mawe yale kwa njia ileile, na fundi wa chokaa hapatikani kwa kuandikiwa barua.

Huko Ranchos de Taos, kila Juni, wanaparokia hukusanyika. Udongo huchekechwa, majani makavu hukatwakatwa, mchanganyiko hulowekwa mpaka ushike. Hutupwa ukutani kwa kiganja kutoka chini kwenda juu, wazee wakiwaelekeza vijana palipo na mwanya, kisha uso hulainishwa kwa kipande cha ngozi ya kondoo. Kazi huchukua kama wiki mbili. Julai mvua za kiangazi huingia, na udongo mpya huanza kuteremka.